Marehemu Anayenukia Kahawa

Majirani walimwita Mama Madoa, na jina hilo hakusingiziwa. Hakuwa na gauni hata moja lisilo na baka la rangi mahali fulani. Hata lile la kwendea harusini lilikuwa na alama ya kidole gumba, ya kijani, karibu na kwapa, naye alishikilia kwamba haionekani mradi asipunge mkono. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka. Kinyozi akitaka kichwa kilichonyolewa kikanyoleka, muuza nyama akitaka ng'ombe anayetabasamu (na ng'ombe ana nini cha kutabasamia buchani, hilo hakuna aliyeuliza), walimwendea yeye. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole aliyeshinda barazani na lenzi jichoni, akizungumza na vigurudumu kuliko alivyozungumza na watu.

Lakini mabango yalikuwa kazi tu. Kilichomkosesha utulivu ni madaftari ya michoro. Yalijaa chini ya kitanda, juu ya kabati, na mengine yalikuwa yamepangwa ndani ya ndoo ya unga iliyotoboka. Hakutoka nyumbani bila daftari moja kwenye mkoba, na hakuwahi kumwomba mtu ruhusa. Aliwachora watu wakipiga miayo kwenye foleni ya hospitali. Alimchora mwenye duka akijikuna pale ambapo mtu hujikuna akidhani yuko peke yake. Alimchora mwenyekiti wa mtaa akihutubia huku kifungo cha shati tumboni kimesalimu amri. Aliyejigundua mle alidai aonyeshwe vizuri, na akishaonyeshwa alinuna mwezi mzima.

Rangi za dukani, zile za vidonge vya kulowesha, alizikinai mapema. Alisema zina adabu mno, zinafanya kila unachoziambia, naye alitaka rangi yenye kiburi. Basi akahamia jikoni. Alijaribu majani ya chai, manjano, maganda ya vitunguu, masizi ya sufuria na dawa ya viatu. Siku aliyojikata kidole akimenya viazi, mumewe alikimbilia plasta, yeye akakimbilia brashi. Kila jaribio alilipa nafasi yake kwenye daftari, na pembeni akaandika hukumu: imepauka, imeota ukungu, imegeuka tope. Kulikuwa na ukurasa wa maji ya mboga fulani uliosema, "Inanuka, usirudie." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Nimerudia. Bado inanuka."

Fundi saa aliyavumilia yote hayo. Aliwahi kunywa maji ya kuoshea brashi akidhani ni chai ya rangi, akaimaliza, akasema tu kwamba leo majani yamezidi kidogo.

Mle ndani alikuwamo pia mama mkwe wa Mama Madoa, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Watu wengi wana maneno mengi juu ya mama mkwe na mkwewe kuishi chini ya paa moja, lakini hawa wawili walikuwa lao moja. Bibi ndiye aliyekaa mkao wa kuchorwa, saa nzima bila kukohoa, kisha akiona mchoro analalamika kwamba shingo yake imepunguzwa urefu kwa makusudi. Bibi ndiye aliyemwambia mwanawe kwamba mayai yameliwa na paka, ilhali nyumba haikuwa na paka, na mayai yalikuwa yamekauka kwenye ukurasa. Kwa hiyo Mama Madoa alimpenda, si kwa upendo wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, bali kwa ule wa watu wawili wanaojua siri za kila mmoja na hawana nia ya kuacha.

Tatizo lilikuwa wifi yake. Dada huyu wa fundi saa alikuwa karani wa mahakama, mwenye nyumba ya vigae na mapazia yanayofanana na viti, na tangu siku ya kwanza alisema wazi kwamba mama yake hastahili kuzeeka kwenye harufu ya thina ya kuyeyushia rangi. Kila alipokuja alipitisha kidole juu ya meza akakitazama. "Nangoja sababu moja tu, wifi," alimwambia Mama Madoa siku moja, kwa upole kabisa. "Moja. Siku hiyo namchukua mama yangu." Mama Madoa alicheka, akamwongezea chai, akajifanya hamnazo. Lakini maneno yale hakuyasahau, maana alijua Bibi akiondoka, nyumba itabaki na saa zinazogonga na mume anayeziitikia.

Sasa, chumbani kwa Bibi kulikuwa na picha moja ukutani, na hiyo ndiyo iliyoleta kasheshe. Ilikuwa ya marehemu mumewe Bibi, kwenye fremu ya mbao, imepigwa studio zamani, rangi yake ya hudhurungi, amevaa koti la kuazima na tai. Familia nzima haikuwa na picha nyingine ya mtu huyo. Mzee huyo alifariki wakati fundi saa akiwa mtoto wa shule na wifi akiwa bado anabebwa mgongoni. Bibi alimsalimia marehemu kila asubuhi, na baada ya salamu alimgombeza, kwa mambo mengine ambayo hata Mungu, nadhani, alikwisha kuyafunga.

Ikatokea Bibi akaenda kumtembelea mdogo wake kwa siku chache. Na ikatokea siku zile zile Mama Madoa akagundua jambo lililomnyima usingizi kwa raha. Ukichukua ukurasa wa gazeti, ukaulaza kifudifudi juu ya daftari, ukaupaka thina mgongoni na kuusugua kwa kijiko, picha ya gazetini inahamia kwenye daftari lako. Inahama yote, ila imegeuka kushoto kulia. Alihamisha timu nzima ya mpira, wachezaji wakawa wanapiga kwa mguu mwingine. Alihamisha tangazo la sabuni. Alihamisha waziri, akamweka juu ya baiskeli ya muuza mkaa aliyekuwa amemchora wiki iliyotangulia, na kwa kweli ilimkaa.

Yakaisha magazeti. Mkono ukawa bado unawasha.

Alijiambia kwamba anamfanyia Bibi zawadi. Atamhamishia marehemu kwenye karatasi nzuri, Bibi awe naye mapajani badala ya kumkodolea ukutani. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri, yenye huruma, isiyo na hata chembe ya ukweli. Ukweli ni kwamba alitaka kuona kama itahama. Akapanda kwenye kiti, akaitungua fremu, akang'oa vijimisumari vya nyuma, akamtoa marehemu.

Thina haikufanya kitu. Picha ya studio si gazeti, na hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angemrudisha mzee wa watu mahali pake na kwenda kupika. Mama Madoa akajaribu maji ya uvuguvugu. Kisha maji ya uvuguvugu na siki. Kisha akamlaza kifudifudi kwenye daftari, akamfunika kwa ubao, akaweka pasi ya mkaa iliyopoa juu ya ubao, na juu ya pasi akakaa yeye mwenyewe, akikuna magoti na kuimba.

Alipobandua, marehemu alibanduka pia. Uso wote ulikuwa umelainika ukang'oka, ukashika kwenye daftari kwa mabonge, kama utando wa maziwa unaposhika kwenye kijiko. Kwenye picha yenyewe yalibaki sikio moja, tai, na bega la kushoto la koti la kuazima. Mama Madoa alilitazama sikio. Akakaa chini sakafuni, akalia machozi ya kweli, ya mtoto aliyevunja kitu cha wageni.

Kesho yake wifi akapiga simu. Alisema Jumapili atakuja, mama atakuwa amesharudi, na atampiga baba picha kwa simu ili atoe nakala za familia nzima, maana picha moja kwenye nyumba kama ile ni hatari. Mama Madoa alisema ni wazo zuri sana. Alikata simu, akaenda kuangalia kama bado kuna kahawa.

Shauri alilokata, la kumchora marehemu upya, lilikuwa la kichaa, lakini yeye ndiye mtu pekee mtaani aliyekuwa na madaftari ya kulitekeleza. Rangi ya picha ile aliijua, si kwenye ukurasa mmoja wala mbili alikuwa ameipata bila kuitafuta. Chai ilikuwa nyekundu mno. Dawa ya viatu iling'aa kihuni. Kahawa iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, ikachanganywa na masizi ya sufuria kwa ncha ya kisu, hiyo ndiyo hudhurungi ya studio ya zamani, na ushahidi ulikuwapo kwenye daftari lenye jalada la bluu, kati ya mchoro wa miguu ya Bibi na mchoro wa jirani akiiba maji bombani. Ute wa yai juu yake ulileta ule mng'ao wa picha. Kitu kimoja kilimsumbua: kahawa nzito ikikauka ilipasuka kama matope ya kiangazi. Akakumbuka kusikia kwamba wachoraji wa zamani walitia asali kwenye rangi ili ibaki laini. Akatia asali. Koti la marehemu likakauka laini bila ufa, akalitia asali nyingine kidogo, kwa shukrani.

Uso ulimpa taabu. Alikuwa akijisifu kwamba hakuna kitu ndani ya nyumba ile ambacho hajakichora, na kweli chumba cha Bibi alikichora mara nyingi, pamoja na fremu ukutani. Akafungua kurasa zote hizo kutafuta msaada. Kila mahali fremu ilikuwa imechorwa kwa ustadi, na kioo chake kina mwanga wa dirisha vizuri kabisa, na ndani ya kioo kuna kivuli. Miaka yote alikuwa akitazama kioo. Mtu aliyekuwa nyuma yake hakumtazama hata siku moja.

Sikio alikuwa nalo. Pua aliiazima kwa mumewe. Alimwita akae kwenye kiti karibu na dirisha, akamgeuza kidevu huku na kule, akamtazama kwa umakini ambao fundi saa hakuwa ameuona tangu wachumbiane. Jioni ile mume alikuja mezani na shati lililopigwa pasi. Paji la uso alilitoa kwake pia, mdomo akaukadiria kutoka kwa wifi, bila ule ukali. Yakabaki macho, na hapo hakuwa na wa kumwazima. Alifumba yake akajaribu kukumbuka, akapata mwanga wa dirisha. Basi akafanya alichozoea kufanya kazini. Watu wa mabango yake wote, kinyozi, fundi cherehani, mama wa tangazo la maziwa, walikuwa na macho ya aina moja, yanayomtazama mteja moja kwa moja popote aliposimama. Akampa marehemu macho hayo.

Na hapa sitamficha. Katika siku zile za hofu, akificha brashi kila aliposikia lango, alikuwa na furaha ambayo bango lolote halijawahi kumpa. Alijaza kurasa nzima za kope tu. Alijaribu ute wa yai kwa brashi, kwa kidole, kwa pamba. Aliona haya kwa kufurahi, kisha akarudi kufurahi. Alipomaliza akaibabua karatasi pembeni kwa mvuke wa birika, akaikunja kona moja, akaifunga kwenye fremu na kuirudisha ukutani. Alisimama mlangoni akatazama. Ilikuwa picha ya studio ya zamani, ya mwanamume mwenye heshima zake ndani ya koti lisilo lake. Sikio, tai na bega, vile vya kweli, alivifunga kwenye kitambaa akavificha chini ya mto wake. Kuvitupa kulimshinda.

Bibi alirudi Jumamosi asubuhi, mchovu wa safari, na kabla ya kuvua viatu akaenda chumbani kwake. Mama Madoa alimfuata na kikombe cha chai. Bibi alikuwa amesimama mbele ya picha. Alisimama muda mrefu. Kisha akauliza kama kioo kimefutwa.

"Nimekifuta, mama."

"Naona," akasema Bibi. "Kimefutika kweli."

Siku ile hakumgombeza marehemu hata kidogo. Baada ya chakula alihamisha kiti chake kutoka dirishani, alikokaa miaka yote akichungulia mambo ya jirani, akakiweka kukabili ukuta. Halafu akachana nywele, akajipaka mafuta usoni, akafunga kitambaa cha kichwa kile kizuri, akarudi kukaa pale pale, mikono mapajani. Mama Madoa alipita mlangoni mara kadhaa, kila mara na kisingizio kipya. Bibi hakugeuka. Anachunguza, Mama Madoa akajiambia. Anahesabu nywele za kope. Nimekwisha.

Jumapili wifi akaja, viatu vya kisigino, mkoba mgumu, kidole kikapita juu ya meza. Wote wanne wakaishia chumbani kwa Bibi, maana Bibi alikataa kutoka kwenye kiti chake, na chai ikaletwa huko huko. Wifi alisifu kioo kilivyong'aa. Akainua simu, akaisogeza karibu na picha ili uso utoke vizuri, akaikodolea. Akaiteremsha. Akainua tena.

"Kuna kitu kinatembea kwenye koti la baba."

Mama Madoa akasema haraka kwamba ni vumbi. Vumbi likapinda kona, likaingia mfuko wa juu wa koti.

Walikuwa sisimizi. Walitokea kwenye ufa wa dirisha, wakafuata ukuta kwa mstari ambao foleni yoyote ya benki ingeuonea wivu, wakaingilia kona ya fremu, na ndani wakatawanyika juu ya koti la marehemu, pale asali ilipokuwa nyingi kuliko kwingine. Wengine walikwisha kurudi wakiwa na mizigo yao. Begani kulikuwa na kitobo cheupe.

Wifi hakupiga kelele. Mtu aliyezoea mahakama hapotezi pumzi. Aliweka simu kwenye mkoba, akaitungua fremu, akaigeuza, akang'oa vijimisumari kwa funguo zake za nyumba na kuitoa karatasi. Akapitisha kidole kwenye koti, kama kwenye meza. Akakinusa.

"Wifi," akasema, "mbona baba ananukia kahawa?"

Fundi saa akaipokea ile karatasi, akavaa lenzi yake jichoni, akainama. Chumba kizima kikamngoja. Alianzia kwenye tai, akapanda kidevuni, akapita mdomoni, na alipofika katikati ya uso akasimama.

"Hii pua ni yangu," akasema. Akaongeza kwamba imechorwa vizuri mno, na hapo mkewe akatamani ardhi ipasuke, immeze yeye kwanza, halafu imeze na lenzi.

Hakukuwa na pa kukimbilia. Mama Madoa akasema yote: thina, maji, siki, pasi, na yeye kukaa juu ya pasi. Alitarajia kukiona cha mtema kuni. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata majibu mawili matatu alikuwa nayo tayari. Lakini wifi alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Nyinyi mlimwona. Kaka alimwona, mama alimwona. Mimi nilikuwa nabebwa mgongoni. Sina baba mwingine, wifi. Baba yangu ilikuwa ile picha."

Siku zote zile Mama Madoa alikuwa akiogopa kunyang'anywa Bibi, wala hakuwaza kwamba yeye ndiye aliyekuwa amemnyang'anya mtu. Aibu ikampanda mpaka masikioni, aibu isiyo na mzaha ndani yake. Alikwenda chumbani kwake akaleta kile kitambaa, akakifungua mapajani kwa wifi yake. Sikio, tai, bega la kushoto.

Wifi alivitazama. Kisha akafuta macho, akasimama, na ile sauti ya mahakama ikarudi.

"Mama, funga mizigo. Leo hii tunaondoka."

Bibi hakusogea. Wakati wote huo alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa kizuri kichwani, akiutazama ukuta uliobaki na msumari mtupu.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Mimi nilijua jana. Sikuwa nimevua hata viatu."

Fundi saa akavua lenzi. Wifi akauliza kama alijua, mbona alinyamaza.

"Siku ile studio nilikuwapo," akasema Bibi. "Nimekaa kando, na wewe tumboni. Mpiga picha akamwambia, mtazame mkeo, utatoka vizuri. Akatazama mlango. Baba yenu alikuwa mtu wa mlango. Akiwa ndani, roho yake iko nje. Hakunipiga, hakuninyima, ila alikuwa anatazama mlango. Akafa, nikabaki na picha, na kwenye picha anatazama mlango. Kila asubuhi namgombeza, hageuki." Akalainisha kitambaa cha kichwa kwa kiganja. "Nimetoka kwa mdogo wangu, nimefungua chumba, ananitazama. Najua si yeye. Najua ni pua ya huyu kijana wangu na kahawa ya jikoni. Lakini mimi siendi popote. Nitakaa hapa hapa nitazamwe."

Fundi saa alianza kuinyoosha karatasi ile mapajani mwake, polepole, akiwapuliza sisimizi mmoja mmoja bila kuwaumiza. Mama Madoa alisimama mlangoni akilia waziwazi, na hakuwa na habari na daftari lililokuwa mkobani mwake, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Wifi akalikunja lile sikio na tai na bega ndani ya kitambaa, akakitia kwenye mkoba wake mgumu.

"Hiki naondoka nacho," akasema.

"Ondoka nacho," akasema Bibi. "Hilo sikio halikunisikia mimi hata siku moja. Jaribu wewe."

Wifi akacheka bila kutaka, akakasirika kwa kuwa amecheka. Mama Madoa alimsindikiza mpaka langoni. Wifi akamwambia kwamba hajamsamehe, na asijidanganye. Mama Madoa akasema anajua, na kwamba hata yeye angekuwa wifi asingesamehe. Wakasimama pale kidogo, mmoja akichezea funguo, mwingine akichezea doa kwenye gauni lake. Kisha wifi akaenda zake, peke yake.

Mama Madoa aliporudi chumbani, Bibi alikuwa amekwisha kutoa amri. Mzee arudiwe upya, bila asali, kabla sisimizi hawajafika kwenye uso. Fundi saa alikuwa tayari kwenye kiti cha dirishani, pua juu, akingoja kuazimwa. Karatasi nzito ilikuwa mezani, kahawa ilikuwa inachemka jikoni, na Bibi mwenyewe alivuta kiti chake akakaa nyuma ya bega la mkwewe, karibu kiasi cha kusikika akipumua.

"Koti badilisha ukitaka," akasema. "Lile halikuwa lake. Macho usiguse. Yatoke hivyo hivyo."

Mama Madoa akasema sawa, mama. Alichovya brashi, akaisogeza pale jicho la kwanza linapokaa, na mkono wake, ambao ulikuwa umewachora watu wote wa mtaa ule bila kumwuliza hata mmoja, ukasita. Akaweka brashi chini. Akafuta kiganja kwenye gauni, akaishika tena.